Kandanda ya Kangemi na Macho ya Wataalamu

Katika historia ya utafiti wa michezo nchini Kenya, mchezo unaofuatwa na watu wengi zaidi si ule ulioandikwa zaidi na wataalamu. Mbio za masafa marefu zimevuta maabara za Ulaya, wachunguzi wa vinasaba, wanajiografia na waandishi wa tasnifu kwa zaidi ya miaka thelathini, ilhali kandanda, ambayo huchezwa kila pembe ya nchi na kujaza redio, magazeti na mazungumzo ya ndani ya matatu, ilibaki kwa muda mrefu pembezoni mwa vyuo vikuu, ikichukuliwa kuwa burudani isiyohitaji maelezo. Makala haya yanafuata mkondo wa utafiti wa kandanda nchini, tangu ulipokuwa aya chache ndani ya vitabu vya mambo mengine hadi ulipopata wataalamu wake wenyewe, na yanaufuata kutoka Kangemi, mtaa ulio magharibi mwa kitovu cha Nairobi kando ya barabara ya Waiyaki Way, kwa kuwa mtaa huo unaonyesha waziwazi kile ambacho utafiti umekiona na kile ulichokipita bila kukitazama.

Kangemi yenyewe haikukosa wageni wenye madaftari. Iko umbali mfupi kutoka kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yanakofundishwa masomo ya kilimo na ya tiba ya mifugo, na taasisi ya KAVI ya chuo hichohicho, iliyoanzishwa kwa ajili ya utafiti wa chanjo ya virusi vya ukimwi, iliweka kituo chake kimojawapo mtaani humo. Wanafunzi wa mipango miji wameandika juu ya nyumba zake za kupanga, maji yake na mitaro yake. Mtaa huo umeingia katika maandishi ya kitaalamu zaidi kama mahali pa magonjwa na upungufu wa huduma kuliko kama mahali ambapo watu huunda timu, huchagua viongozi wa vilabu, huchangishana nauli ya kwenda ugenini na kubishana juu ya penalti iliyotolewa miaka mingi iliyopita. Upungufu huo haukutokea kwa bahati mbaya, na sababu zake zinaonekana mtu akiangalia jinsi utafiti wa michezo ulivyoanza na fedha zake zilikotoka.

Swali la kwanza lililowavuta wataalamu wa nje lilikuwa la mwili. Tangu Naftali Temu na Kipchoge Keino waliponyakua dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, dunia iliuliza kwa nini watu wa nchi moja, tena wengi wao wa eneo moja la Bonde la Ufa, wanawashinda wengine wote kwa mbio. Mwaka 1990 mtaalamu wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji kazi wa mwili, Bengt Saltin kutoka Skandinavia, alifika Kenya na wenzake kuwapima wakimbiaji, wakiwamo wanafunzi wa shule za sekondari, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995. Baadaye Yannis Pitsiladis, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Glasgow, alishirikiana na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta katika mfululizo wa tafiti za chakula, vinasaba na asili za wanariadha. Mmoja kati ya tafiti hizo, uliotolewa mwaka 2006, uliwahoji wanariadha mahiri 404 kuhusu wanakotoka, lugha zao na namna walivyokuwa wakienda shuleni utotoni, na mwingine, wa mwaka 2005, haukupata uhusiano kati ya kinasaba kilichokuwa kikitajwa sana na ustahimilivu wa wakimbiaji wa Kenya. Mwanajiografia John Bale na mwenzake Joe Sang walikuwa wameshaonyesha mwaka 1996, katika kitabu chao juu ya mbio za Kenya, kwamba ushindi huo una historia ya shule, jeshi, utawala wa kikoloni na vyuo vya Marekani vilivyotoa ufadhili wa masomo, wala hauwezi kuelezwa kwa damu peke yake. Kazi hiyo ya Bale na Sang ndiyo iliyofungua mlango wa kuutazama mchezo kama jambo la jamii, na kandanda ingenufaika sana kama mlango huo ungetumiwa mapema.

Kandanda haikuwa na dhahabu ya kuwashangaza wageni. Timu ya taifa, Harambee Stars, haikuwahi kufika Kombe la Dunia, na mtafiti wa maabara hakuwa na sababu ya kupanda ndege kuja kupima mapafu ya winga wa ligi ya Nairobi. Hivyo mchezo huo uliingia katika vitabu kwa njia ya pembeni, kupitia wanahistoria wa ukoloni. Katika mkusanyiko wa insha juu ya michezo barani Afrika uliohaririwa na William Baker na James Mangan mwaka 1987, Anthony Clayton alieleza jinsi majeshi ya kikoloni yalivyoeneza michezo ya Kizungu, na maelezo hayo yanaihusu Kenya moja kwa moja, kwa kuwa askari, polisi, makarani wa reli na wanafunzi wa shule za misheni ndio waliokuwa wachezaji wa kwanza. Serikali ya kikoloni iliunda chama cha michezo cha Waarabu na Waafrika mwaka 1924, na mwaka 1926 yalianza mashindano ya Kombe la Gossage kati ya Kenya na Uganda, yaliyopewa jina la mtengenezaji wa sabuni aliyeyafadhili. Katika maandishi ya watawala mchezo huo ulikuwa chombo cha nidhamu: kijana aliyechoka uwanjani jioni hatazamiwi kwenda kwenye mkutano wa siasa usiku. Wanahistoria wa baadaye wameipinga picha hiyo kwa kuonyesha kwamba chombo hicho kiliponyoka mikononi mwa waliokileta, na mfano wao ulio bora zaidi katika Afrika Mashariki hautoki Nairobi, unatoka Unguja.

Mwaka 1997 mwanahistoria Laura Fair alichapisha utafiti juu ya kandanda na siasa mjini Zanzibar kati ya mwanzo wa karne ya 20 na miaka ya 1950, akitumia mahojiano na wazee waliocheza na kushabikia. Kwa njia hiyo aliweza kueleza vilabu vya Ng'ambo kwa maneno ya wenye vilabu, jambo ambalo nyaraka za serikali zisingempa. Miaka kumi baadaye Tadasu Tsuruta aliandika sura juu ya Simba na Yanga katika kitabu cha historia ya jiji la Dar es Salaam kilichohaririwa na James Brennan, Andrew Burton na Yusuf Lawi, na akaiweka ligi ya mpira mahali pake panapostahili, yaani ndani ya historia ya wahamiaji, kazi na makazi ya mji. Nairobi ilikuwa na kila kitu cha kuandikia sura ya aina hiyo, na mwelekeo wa utafiti wake ungekuwa tofauti kama ingeandikwa wakati wachezaji wa miaka ya 1950 walikuwa bado wengi.

Sura hiyo ingelazimika kuanza na ramani. Nairobi ya kikoloni iligawanywa kwa rangi, na mitaa iliyojengwa kwa ajili ya Waafrika, kama Pumwani na Kaloleni, iliwekwa mashariki mwa reli. Viwanja vikubwa vya Waafrika vikafuata huko, ukiwamo ule wa Jogoo Road uliokuja kuitwa City Stadium. Upande wa magharibi ulikuwa wa mashamba na nyumba za Wazungu, na nyuma yake ilianza hifadhi ya Wakikuyu ya wilaya ya Kiambu. Kangemi ilikuwa ndani ya hifadhi hiyo, katika eneo la Dagoretti, na iliingizwa ndani ya mipaka ya jiji wakati wa uhuru tu, baada ya ardhi yake kugawanywa na kusajiliwa kwa majina ya watu binafsi chini ya mpango uliotokana na ripoti ya Swynnerton ya mwaka 1954. Kwa sababu hiyo Kangemi ilikua kwa namna isiyofanana na Kibera, ambako ardhi ni ya serikali. Hapa palikuwa na wenye mashamba wenye hatimiliki, wengi wao Wakikuyu, ambao waliona faida ya kujenga vyumba vya mbao na mabati na kuvipangisha kwa wafanyakazi wa nyumba za Loresho na Westlands, wa viwandani na wa vibarua vya mjini. Wapangaji hao walitoka pande nyingi, na sehemu kubwa yao ilitoka magharibi ya Kenya, Uluhyani.

Wapangaji hao walikuja na mpira wao. Kabla ya uhuru, na mara tu baada yake, wahamiaji wa Kiluhya jijini walikuwa na timu ndogondogo zilizobeba majina ya nyumbani, kama Marama, Bunyore, Kisa na Samia, na mwaka 1964 timu hizo ziliungana kuwa Abaluhya. Wajaluo nao waliunganisha timu zao mwaka 1968 wakapata Gor Mahia, iliyopewa jina la mganga na kiongozi mashuhuri wa hadithi zao. Timu hizo zilishikamana na vyama vya kusaidiana vya jamii, ambavyo vilizika wafu, vilipokea wageni wapya mjini na kuchangia karo. Wataalamu wa anthropolojia waliofanya kazi Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970, kama David Parkin aliyewachunguza Wajaluo wa Kaloleni, waliviandika vyama hivyo kwa makini makubwa, lakini jicho lao lilitua zaidi kwenye ndoa, ukoo na siasa kuliko kwenye uwanja wenyewe. Hapo ndipo nafasi kubwa zaidi ya utafiti huu ilipotea, kwa maana hakuna mahali ambapo chama cha jamii kilionekana kwa macho, kikiwa na sare, nyimbo, mweka hazina na maadui, kama pale kilipoingia uwanjani Jumapili.

Mwaka 1980 serikali ya Daniel arap Moi iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe, na amri hiyo iliwagusa wanamichezo moja kwa moja. Abaluhya ikawa AFC Leopards, inayoitwa kwa mapenzi Ingwe, yaani chui. Luo Union, klabu nyingine ya Wajaluo na mabingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati wa mwaka 1976 na 1977, ikawa Re-Union. Na Gor Mahia kwa muda ilitafutiwa jina refu la Kiingereza lililoanza kwa herufi zilezile za mwanzo. Majina yalibadilika, mashabiki hawakubadilika. Leopards ilichukua kombe la vilabu vya ukanda huo mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, na Gor Mahia ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, ambalo mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyolifikia. Ni katika miaka hiyo ambapo kandanda ya Kenya ilikuwa na nguvu kuliko wakati wowote, na ni katika miaka hiyohiyo ambapo vyuo vikuu viliandika kidogo mno juu yake. Mtafiti aliyetaka kuchunguza klabu yenye asili ya kabila katika mazingira ya kisiasa ya wakati huo alikuwa anagusa jambo ambalo serikali ilikuwa imelitangaza kuwa limekwisha, na si vigumu kuelewa kwa nini wengi walichagua mada zenye usalama zaidi.

Mada zenye usalama zilikuwa za vipimo. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1985 na ambacho kiko Kahawa, upande wa pili wa jiji ukitoka Kangemi, ndicho kilichokuwa nyumba ya elimu ya viungo nchini, yaani taaluma ya kufundisha na kuchunguza mazoezi na michezo. Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alirudi kutoka masomoni Marekani na kuwa mmoja wa walimu wake waliojulikana zaidi. Mkondo wa idara kama hizo ulikuwa wa walimu na makocha: uwezo wa mwili wa wachezaji, mbinu za ufundishaji, saikolojia ya mashindano, usimamizi wa viwanja, vikwazo vinavyowazuia walimu wanawake kushiriki mazoezi. Kazi hizo zina thamani yake, kwa kuwa nchi isiyo na takwimu za wachezaji wake haiwezi kuwalinda dhidi ya majeraha wala kuwafundisha vizuri. Hata hivyo mchezaji anayeonekana ndani yake ni mwili unaokimbia na kuchoka, asiye na mtaa anaotoka, asiye na mwenye nyumba anayemdai kodi.

Mabadiliko yaliletwa kwa sehemu kubwa na msomi aliyetoka ndani ya mkondo huohuo. Wycliffe Njororai, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Kenyatta na baadaye kuhamia Chuo Kikuu cha Texas mjini Tyler, alianza na elimu ya viungo kisha akaingia katika historia na siasa ya mchezo. Makala yake ya mwaka 2009 juu ya urithi wa ukoloni, makundi ya wachache na kandanda ya Kenya yalifuatilia jinsi mpangilio wa kutenganisha watu kwa rangi na kwa asili ulivyoacha alama katika vilabu na katika uongozi wa soka hata baada ya uhuru. Wakati wa kutolewa kwake una maana. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwalazimisha wasomi wa fani zote kuuliza tena maswali ya ukabila ambayo amri ya 1980 ilikuwa imeyafunika, na kandanda, yenye klabu mbili kubwa za jamii mbili kubwa zikikutana mara mbili kwa mwaka katika kile mashabiki wanachokiita Mashemeji Derby, ikawa uwanja mzuri wa kuyachunguza. Solomon Waliaula na Joseph Basil Okong'o walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa nyimbo za mashabiki wa Gor Mahia kama namna ya kuuonyesha Ujaluo hadharani. Hii ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu ilimtoa shabiki katika hesabu ya watazamaji na kumsikiliza kama mtunzi.

Upande wa Ingwe nao unadai kusikilizwa kwa kina hichohicho. Mechi za Leopards huchezwa kwa mlio wa isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambazo shirika la UNESCO liliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wataalamu wa muziki wamezifuata ngoma hizo katika arusi, mazishi na mapigano ya mafahali huko magharibi, na hilo ni sawa, lakini kwa Mluhya aliyezaliwa jijini, ambaye huenda Kakamega mara moja kwa mwaka, ngoma hizo huenda zilimfikia kwanza kwenye ngazi za saruji za City Stadium au Nyayo. Mtaa kama Kangemi, ambao wazazi wake walitoka Uluhyani na watoto wake wamekulia katika Sheng, lugha ya vijana wa mjini, ungempa mtafiti nafasi ya kuchunguza jinsi urithi unavyopita kutoka kizazi hadi kizazi kwa njia ya tiketi ya mechi.

Wakati mkondo wa ukabila ulipokuwa ukikua, mkondo mwingine, wenye fedha nyingi zaidi, ulikuwa umeshajaza rafu. Mwaka 1987 Mkanada Bob Munro alianzisha, katika mtaa wa Mathare, chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kwa kifupi kama MYSA, ambacho kiliunganisha ligi za watoto na usafi wa mazingira kwa kuzipa timu alama za ligi zinaposhiriki kuzoa taka. Chama hicho kilipata wafadhili, hasa kutoka Norwe, kikaunda timu ya Mathare United mwaka 1994, na timu hiyo ikawa bingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Watafiti walimiminika. Owen Willis aliandika juu yake mwaka 2000, Martha Brady na Arjmand Banu Khan wakachunguza mwaka 2002 mpango wake wa kandanda ya wasichana, Hans Hognestad na Arvid Tollisen wakaueleza mwaka 2004 kama mapambano dhidi ya umaskini, na Mskoti Fred Coalter akaufanya kuwa mojawapo ya mifano yake mikuu katika mjadala wa dunia nzima juu ya michezo kama chombo cha maendeleo. Coalter ndiye aliyekuwa mkali zaidi katika kundi hilo, kwa kudai ushahidi wa namna mpira unavyombadilisha kijana badala ya kuridhika na imani kwamba unambadilisha, na ukali wake uliufaa sana uwanja uliokuwa umejaa sifa.

Mathare ilistahili kuandikwa, na wasichana walioingia uwanjani kwa mara ya kwanza kwa sababu ya MYSA walistahili zaidi. Shida iko katika athari ya kazi hizo kwa ujumla wake: kandanda ya mitaa ya mapato ya chini ilianza kuonekana katika maandishi ya kitaalamu pale tu ilipokuwa na mradi, ripoti na mfadhili. Timu iliyoundwa na makondakta wa matatu na wauza mitumba, inayojinunulia jezi na kumlipa refa kwa michango, haimo katika mradi wowote, kwa hiyo haikuwa na ripoti ya kumwongoza mtafiti kwake. Mashindano makubwa ya mitaani kama Koth Biro ya Ziwani, ambayo kwa miongo kadhaa yamewakutanisha wachezaji wa ligi kuu na wa vichochoroni wakati ligi imefungwa, yamehifadhiwa zaidi na kumbukumbu za wachezaji na kurasa za magazeti kuliko na vyuo. Kangemi, yenye timu zake za ligi za chini zinazokutana katika uwanja wa shule ya msingi ya Kihumbuini, na yenye Kangemi Ladies iliyowahi kucheza ligi kuu ya wanawake, iko katika kundi hilo la wasio na mradi. Historia ya kandanda ya wanawake ndiyo iliyopoteza zaidi kwa njia hii. Timu ya taifa ya wanawake, Harambee Starlets, ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 2016, lakini anayetaka kujua wachezaji wake walilelewa na vilabu gani, kwa fedha za nani na kwa ruhusa ya mzazi yupi, atalazimika kuanza karibu na sifuri pindi anapotoka nje ya Mathare na Kilifi, ambako shirika la Moving the Goalposts limefanya kazi na wasichana tangu mwanzo wa miaka ya 2000.

Mkondo wa tatu uliibuka katika idara za fasihi na utamaduni, na kwa fikra huenda ndio wenye rutuba zaidi. Ligi kuu ya Uingereza ilipoanza kuonekana kwa setilaiti katika miaka ya 1990, kumbi ndogo za video za mitaani, zenye mabenchi ya mbao na kiingilio cha shilingi chache, ziligeuka kuwa viwanja vya pili vya Nairobi. Godwin Siundu wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliandika mwaka 2011 juu ya ulimwengu wa kandanda ya Ulaya na jinsi vijana wa Kenya wanavyojitambulisha nao, na Waliaula, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maasai Mara, alichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa mtangazaji wa redio wa Kenya anayewachorea wasikilizaji wake mechi za Uingereza kwa sauti. Wasomi hao walikataa maelezo mepesi kwamba kijana wa Kenya anayevaa jezi ya Arsenal amepotea na kusahau kwao. Waliuliza anafanya nini na Arsenal hiyo: anapata marafiki gani, anajenga majigambo gani, anaitumiaje lugha yake kuifanya timu ya London iwe ya kwake. Utani wa ukumbini, wenye mafumbo na vijembe, ni sanaa ya maneno, na ni sawa kabisa kwamba waliouona kwanza walikuwa watu waliofunzwa kuchambua fasihi.

Kamari ya michezo iliyoshika kasi baada ya kampuni ya SportPesa kuanza mwaka 2014 imezaa wimbi jingine la tafiti, nyingi zikiwa za afya ya akili na uchumi wa vijana. Kampuni hiyo ilipopoteza leseni na kuondoa ufadhili wake wa ligi na vilabu mwaka 2019, ilionekana jinsi klabu zenye umri wa nusu karne zilivyokuwa zimeegemea fedha za watu wanaopoteza dau. Uhusiano huo kati ya kijana anayebeti na klabu anayoishabikia unahitaji kuchunguzwa kwa pamoja, kwa sababu mtaani mambo hayo mawili yamo ndani ya simu moja.

Lakini kwa Kangemi swali lililo zito kuliko yote linahusu ardhi. Mahali ambapo kila robo ya ekari ina mwenyewe, na ambapo vyumba vya kupanga vinaleta kodi kila mwezi, uwanja wa mpira hauwezi kuwapo isipokuwa pale sheria au taasisi imeuzuia usijengwe, na kwa sehemu kubwa taasisi hiyo ni shule ya umma. Mnamo Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, kusini magharibi mwa jiji, walirushiwa vitoa machozi walipokuwa wakipinga kunyakuliwa kwa uwanja wao. Mwezi Novemba mwaka huohuo Papa Fransisko alifika Kangemi, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na katika hotuba yake juu ya maisha ya mitaa ya mapato ya chini aliwataja waziwazi wanaohodhi ardhi na kujaribu kuchukua hata viwanja vya michezo vya shule za watoto. Kiongozi wa Kanisa aliliona jambo ambalo wataalamu wa michezo hawakulipa uzito wake: kwamba historia ya kandanda ya mtaa ni historia ya kipande cha ardhi ambacho hakikuuzwa. Wanafunzi wa mipango miji wamepima viwanja hivyo kama nafasi za wazi, na wanafunzi wa elimu ya viungo wameorodhesha vifaa vilivyomo, lakini kazi hizo mbili hukutana kwa nadra, na kati yao ndimo walimo watu wanaojua ni lini goli la upande wa barabara lilihamishwa na ni nani aliyekwenda kwa chifu kulalamika.

Vyanzo vya kuandikia historia hiyo vipo, ingawa vimetawanyika. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliyo Moi Avenue ina faili za utawala wa kikoloni juu ya ustawi na michezo ya Waafrika. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa Banda Street mwaka 1931, ina magazeti ya zamani. Gazeti la Kiswahili la Baraza, lililoanza mwaka 1939 na ambalo Francis Khamisi alikuwa mhariri wake wa kwanza, linastahili kusomwa ukurasa kwa ukurasa na mtu anayetafuta jinsi wasomaji wa Kiafrika walivyoujadili mchezo katika lugha yao, badala ya jinsi afisa wa michezo alivyouripoti kwa Kiingereza. Kisha kuna wazee. Luise White aliandika mwaka 1990 historia ya wanawake wa Nairobi ya kikoloni kwa kuwasikiliza wanawake wa Pumwani wenyewe, na mbinu yake, ya kuyachukua masimulizi ya watu wa kawaida kama ushahidi unaopimwa kwa ushahidi mwingine, inafaa kabisa kwa wachezaji wa timu za Marama na Kisa walioishi kuona Abaluhya ikizaliwa. Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa wamepita 80, na wengi wamestaafu vijijini Butere, Khwisero na Emuhaya, hivyo anayetaka kuwahoji kuhusu Nairobi atalazimika kuanza safari yake magharibi.

Upande wa lugha nao una deni lake. Karibu kazi zote zilizotajwa hapa zimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa katika majarida ya Ulaya na Marekani yanayouzwa kwa bei ambayo maktaba nyingi za Kenya haziimudu, ilhali mambo yanayochunguzwa yalisemwa kwa Kiswahili, Kiluhya, Kijaluo na Sheng. Utafiti wa kandanda kwa Kiswahili ungemwezesha kocha wa Kihumbuini kusoma alichosemewa na kusahihisha pale mtafiti alipokosea, na usahihisho wa aina hiyo ni sehemu ya kazi ya kitaalamu yenyewe.

Fursa mpya imeletwa na ujenzi. Kenya, pamoja na Tanzania na Uganda, iliandaa mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, yanayowahusu wachezaji wa ligi za nyumbani, na nchi hizo tatu zimepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kwa ajili ya kombe hilo uwanja mpya wa Talanta, uliopangwa kuchukua watazamaji wapatao 60,000, ulianza kujengwa Machi 2024 huko Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong. Kwa mara ya kwanza uwanja mkubwa wa kandanda unawekwa magharibi mwa jiji, karibu na Kawangware na Kangemi, baada ya miongo mingi ya mashabiki wa upande huo kuvuka mjini kwenda Jogoo Road, Nyayo na Kasarani. Tathmini za mashindano ya namna hiyo kwa kawaida huhesabu watalii, vitanda vya hoteli na kazi za muda. Kinachohitajika pamoja na hesabu hizo ni rekodi ya hali ilivyo sasa katika mitaa ya jirani: kodi ya chumba kimoja Gichagi na Waruku, idadi ya viwanja vinavyochezewa na hati zake za umiliki, timu zilizosajiliwa na zisizosajiliwa, na wasichana wanaofanya mazoezi baada ya shule. Rekodi hiyo inaweza kukusanywa na wanafunzi wa Nairobi na Kenyatta kwa gharama ndogo, na ili iweze kulinganishwa na hali itakayokuwapo baada ya fainali, lazima ikusanywe kabla ya mechi ya kwanza ya 2027.